Waliomeza Dawa ya Mama Mbambu

Kila nikikaa na watu wa ukoo wetu, lazima atokee mmoja wa kuniambia, "Immy, hasira hasara." Ananiambia kwa sauti ya chini, ananishika bega, kana kwamba hasira ni homa niliyoiokota njiani. Mimi nasema hivi: hasara ilikuja kwanza, hasira ikafuata nyuma yake kama inavyostahili. Nikimaliza kueleza, anayetaka kunishika bega na anishike.

Mama yangu anaitwa Mbambu, jina tunalompa binti wa nne, na alizaliwa juu kule Kyondo, kwenye kahawa na migomba. Alipoolewa aliteremka Bwera, na baba alipofariki hakurudi mlimani wala hakutafuta mume mwingine. Alianza kuuza samaki wa chumvi. Samaki walitoka Katwe, yeye akawauza kwenye soko la Lhubiriha, karibu kabisa na mpaka wa Kongo, na wateja wake wakubwa walikuwa Wakongo waliovuka kutoka Beni na Butembo. Kwa samaki hao alinisomesha, akanipeleka mjini Kasese kujifunza ushonaji, na cherehani ninayoitumia mpaka leo aliinunua yeye.

Lakini samaki kila mtu anao. Mama alikuwa anauza kwa mdomo. Angekuona ukiwa bado mbali, akuite kwa jina la kijiji chako, akuulize habari za mkweo, akutanie kwamba umenenepa kama mke wa pili, na kabla hujajua umefika mezani kwake umeshika samaki na unacheka. Aliongea Lhukonzo, lugha yetu, na wenzake, Kiswahili cha Kongo na wateja, Luganda na madereva wa malori. Siku moja askari wa mpakani alimfokea aondoe kapu lake njiani. Mama akamjibu kwa Kiswahili cha jeshi, kama vile yeye ndiye mkubwa wake: "Afande, simama sawa, funga kifungo, halafu ndio utaniambia." Soko zima lilicheka, na afande akajikuta anafunga kifungo.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyepigwa na kiharusi, asubuhi ya siku ya soko, akipanga samaki mezani. Aliyekuwa mbele yake ni Geneviève, mteja wake wa miaka mingi kutoka Butembo, ambaye vita ilimfukuza huko na sasa amepanga chumba Bwera. Geneviève aliona mdomo wa Mama umeteremka upande mmoja, na samaki wanamponyoka mkononi. Watu wakaanza mambo yao: huyu anammwagia maji, yule anasema karogwa, mwingine analeta sukari. Geneviève aliwasukuma wote, akasimamisha gari la mihogo, akampandisha Mama juu ya magunia na kwenda naye mpaka hospitali ya Kasese. Kama si yeye, leo ningekuwa naeleza habari za kaburi.

Mama hakufa. Mkono wa kulia ulilegea, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakaondoka yote. Nasema yote, ila mawili. Kwa miaka mingi, mteja bahili akiondoka bila kununua, Mama alikuwa akimsindikiza kwa tusi la watu wa huku mpakani, "mutu bure", yaani mtu asiye na thamani. Kiharusi kilimwachia hilo. Muuguzi akileta uji: mutu bure. Padre akileta ekaristi: mutu bure. Mimi nilipoinama karibu yake alinishika shavu kwa mkono mzima, machozi yanamtiririka, akanitazama kwa mapenzi yote ya mama mzazi, akaniambia, "Mutu bure." Nililia, kisha nikacheka, kisha nikalia tena.

Hapo Kasese tulimpata daktari mmoja anayeitwa Aber, mwanamke mrefu wa kutoka kaskazini, aliyejifunza Kiswahili kambini alikokuwa askari baba yake. Alinikalisha chini akanieleza bila haraka.

"Mama yako hajapoteza akili," alisema. "Anajua wewe ni nani, anajua anataka nini. Maneno iko ndani, njia ya kutokea ndiyo imeharibika. Hiyo matusi inatoka kwa sababu ilizoea kutoka yenyewe. Hata sala inaweza kutoka, hata wimbo. Lakini jina ya kikombe haitoki."

Akanipa dawa za aina mbili. Za kwanza zilikuwa za presha, na hizo alisema zisikose hata siku moja. Za pili zilikuwa vidonge vyeupe vidogo, vyenye jina refu. Alisema hutumiwa na wazee wanaopoteza kumbukumbu, na kwamba wapo wagonjwa wa kiharusi waliopewa wakaanza kukumbuka majina ya vitu vizuri kidogo.

"Sitakudanganya," alisema. "Kuna watu inasaidia, kuna watu haisaidii. Tunajaribu, tunaangalia. Lakini dawa peke yake haifanyi kitu. Ukimupa dawa halafu ukamunyamazisha, umeweka mbolea kwa shamba ambayo haujapanda. Aongee kila siku. Akishindwa, mungoje. Usimumalizie neno. Na hii miezi ya kwanza ndiyo kichwa inajitengeneza sana. Ikipita, haitakurudia."

Niliyashika maneno hayo kama amri. Pale wodini nilimletea Mama vitu vyake vya sokoni, kimoja kimoja: samaki, chumvi, kamba ya kapu. Nilimwimbisha nyimbo za kanisani kwanza, kwa sababu daktari alisema wimbo unafungua njia, kisha nikamshikisha kitu na kungoja. Nilingoja mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakachoka na mimi. Na siku moja, bado tuko wodini, Mama alitazama chumvi iliyokuwa mkononi mwangu, midomo ikahangaika, akasema, "Chumvi." Baadaye akapata samaki. Jina langu alilipata nusu, "I-mi", lakini nusu hiyo nisingeiuza. Dawa ilikuwa inasaidia au mazoezi ndiyo yaliyosaidia, mimi sijui, na Daktari Aber naye alisema hajui. Tulikuwa kwenye njia, hilo tulilijua wote.

Ndipo akaja Mjomba Yonasani.

Yeye ni kaka yake Mama, ndiye pekee aliyebaki katika ndugu zake wa kiume. Ananunua kahawa kwa wakulima na kuiuza mjini, ana nyumba ya saruji pale Bwera, ana mke anayeshinda nyumbani, Evas. Siku Mama anaruhusiwa kutoka hospitali, mimi nilikuwa nimeshatandika kitanda chake kwenye chumba changu Kasese. Mjomba alisimama katikati ya wodi na koti lake, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kule mlangoni, "Dada yangu hawezi kulala kwa nyumba ya kukodi kama mukimbizi, na mimi niko." Geneviève, ambaye ni mkimbizi kweli, alikuwa amesimama karibu naye ameshika beseni. Wazee wa ukoo wakasema amenena. Kwetu mgonjwa akiwa na kaka, kaka ndiye mwenye mgonjwa. Akachukua mfuko wa dawa mkononi mwangu mbele ya watu wote, akasema atautunza yeye mwenyewe. Nilipiga magoti nikamshukuru.

Mimi nilibaki Kasese kwenye cherehani, maana bila kushona hatuli, na kila Jumapili nikawa naenda Bwera. Nilichokikuta huko kilianza kunichoma polepole.

Nyumbani kwa Mjomba hakuna aliyemngoja Mama amalize neno. Si kwamba walimchukia. Walikuwa na adabu zao, na adabu zilisema mgonjwa mkubwa hasumbuliwi. Mama akifungua mdomo tu, mgeni anamjazia: "Anataka maji." "Anataka kulala." "Anasema asante." Evas anakimbia kuleta maji, kumbe Mama alikuwa anataka kitambaa cha kichwa asionekane na wageni kichwa wazi. Akileta tena maji, Mama anakasirika, na akikasirika linatoka lile tusi. Watoto wa nyumba wanacheka. Jumapili moja jirani alimsikia Mama kanisani akiimba wimbo mzima, beti zote, bila kukosea. Badala ya kufurahi, alininong'oneza, "Kumbe anaweza? Basi anajifanya." Nilimwambia akapimwe yeye kichwa kabla ya misa nyingine.

Na Mjomba alikuwa na jambo lake. Alikuwa anagombea kiti cha mwenyekiti wa LC3, mkubwa wa kata nzima. Nyumba ilijaa watu wa kamati, chai ikichemka tangu asubuhi, na kwa kuwa haipendezi mpiga kura atukanwe sebuleni, Mama alihamishiwa chumba cha nyuma, kinachotazama banda la kahawa. Mtu aliyeambiwa aongee kila siku akawekwa mahali pa kuongea na magunia.

Wiki zikaenda. Mama hakuongeza neno. Chumvi ilibaki, lakini samaki alizama tena, na jina langu likawa linakuja na kupotea. Nilimuuliza Evas kama dawa anameza. Evas alitazama pembeni.

"Anatema," alisema. "Kila asubuhi kaka yake akimupatia, anatema na anamutukana. Anamutukana vibaya sana, na mzee anavumilia."

Nikamwomba Mjomba nimpe Mama dawa mimi mwenyewe, hata Jumapili tu. "Wewe mutoto umechoka, umetoka mbali," alisema. "Hii kazi niachie mimi." Na watu wa kamati wakatikisa vichwa kwa kusifu upendo wa kaka.

Sasa lazima nieleze aibu ya Mjomba Yonasani, maana ndiyo mzizi wa mambo. Maneno anayo kuliko redio, ila majina ya watu hakuwa nayo. Tangu ujana wake anakusalimu vizuri, anakushika mkono kwa mikono miwili, na hajui wewe ni nani. Kwa mnunuzi wa kahawa si neno. Kwa mgombea ni msiba. Huku kwetu mtu anakupa kura kwa sababu ulimwita kwa jina lake mbele ya wakwe zake. Mjomba alikuwa amemwita Mzee Tsongo, mkubwa wa ukoo wetu wenyewe, kwa jina la marehemu ndugu yake, na jambo hilo lilikuwa limeshafika mpaka kata ya Munkunyu.

Jumapili ya mkutano mkubwa nilifika uwanja wa shule kumtafuta Evas, maana nyumba nilikuta imefungwa na Mama yuko ndani peke yake. Mkutano ulikuwa umeanza. Aliyekuwa anapasha watu moto ni Xavier, kijana wa nyimbo za kampeni, mwenye sauti nzuri na akili za kawaida. Alipoteremka jukwaani aliniona, akanijia anatokwa jasho, ameshika tumbo, uso umejaa furaha.

"Dada Immy, asante sana," aliniambia. "Ile dawa ya mama yako iko na nguvu. Tumbo inanisumbua kweli, na nikilala naota ndoto kama sinema. Lakini nikishika maiki, maneno inakuja yenyewe."

Nikamuuliza dawa gani.

"Hiyo ya maneno. Vidonge nyeupe. Mzee anatugawia mbele ya kupanda jukwaa, kamati yote. Yeye anakula kila siku, ya kukumbuka majina. Haujaona vile sasa anaita watu?"

Hakuwa na aibu hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Alikuwa ananishukuru kwa moyo safi. Kisha akaniomba radhi, akakimbilia choo cha shule, na nikaona kwamba pale chooni alikuta wanakamati wengine wawili wanangoja zamu.

Juu ya jukwaa Mjomba alikuwa ameshika kipaza sauti, anawaahidi watu kwamba akichaguliwa yeye, dawa za zahanati hazitaibiwa tena.

Nilipanda. Hakuna aliyenizuia, walidhani mpwa anakwenda kumtunza mjomba. Nilisimama karibu yake mpaka kipaza sauti kikanipata, nikamuuliza, "Mjomba, dawa ya Mama iko wapi?"

Akacheka cheko la mgombea. "Immy, mutoto wa dada yangu, hiyo ni mambo ya nyumbani."

Nikatia mkono kwenye mfuko wa koti lake nikatoa karatasi ya vidonge, nusu imeshaliwa. Niliinyanyua juu watu waione. Nikamwita mwizi. Nikamwita mnyonyaji wa damu ya dada yake, nikamwita na mengine ambayo mwanamke wa heshima hayasemi hata peke yake shambani. Sijutii hata moja. Watu walipiga kelele, wengine wakacheka, wengine wakaniambia nishuke. Nilishuka kwa miguu yangu, nikaenda moja kwa moja nyumbani kwake na kukaa kwenye kiti chake pale barazani kumngoja.

Alipofika hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, kama mtu asiyeeleweka.

"Umeniharibia mbele ya watu kwa kitu kidogo," alisema. "Dawa haijapotea. Iko ndani ya familia. Mimi nikipata kiti, nani atakula? Si huyu Mbambu? Si wewe? Na tangu lini kwetu mutu moja anakula kitu kizuri peke yake, wengine wanaangalia? Hata nyama ya mugonjwa tunakula pamoja naye."

Nikamwambia dawa si nyama.

"Yeye alikunywa muda wote kule hospitali na bado anatukana," alisema. "Mimi nimekunywa, nimekumbuka kijiji nzima. Sasa ilikuwa inafaa nani?"

Jamani, mtu anaweza kukuibia, na akakupa hesabu safi ya wizi wake, na akangoja umsifu. Nikamuuliza swali moja lililobaki. Yeye alikuwa anampa nini Mama kila asubuhi?

Aliyejibu ni Evas, akitazama chini. "Vitamini. Zile za njano, za watoto. Alisema asikose kitu ya kumeza, atasikia vibaya."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinatokea ndani ya chumba kile. Mama alijua. Alijua dawa yake ni nyeupe, akaletewa ya njano, akaitema. Alimtazama kaka yake usoni, asubuhi baada ya asubuhi, akamshitaki kwa maneno mawili aliyobakiwa nayo, na safari hii yalikuwa yamempata mwenyewe hasa. Na nyumba nzima ilicheka. Walimhurumia Mjomba kwa uvumilivu wake. Mtu pekee aliyekuwa anasema kweli ndani ya nyumba ile ndiye aliyehesabiwa hana maneno.

Nikauliza na za presha. "Hizo sijagusa," Mjomba alisema, kama anayedai sifa. "Hizo hazina kazi kwa mutu muzima." Nadhani huo ndio wema wote Mama aliopata kwa kaka yake.

Nilimtoa Mama siku hiyo hiyo. Geneviève alikuja na boda mbili na mto wa kumweka nyuma ya mgongo, akamfunga Mama kwa kitenge asianguke. Wakati wa kutoka, wanakamati waliokuwa barazani hawakuinuka kuaga.

Daktari Aber alimpima Mama, akamtazama muda mrefu. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alisema tuanze tena dawa, tuanze tena mazoezi, hakuna kukata tamaa, kuna watu wanaopata neno hata baada ya miaka. Kisha nikamuuliza ile miezi ya kwanza.

"Hiyo imekwenda," alisema. "Sitakudanganya."

Mjomba Yonasani alishinda kiti. Alishinda kwa kura nyingi, na watu wanasema kilichompa ushindi ni kwamba anamjua kila mtu kwa jina. Kama vidonge ndivyo vilivyomsaidia au ni kule kutembea nyumba kwa nyumba kwa miezi mitatu, sijui, wala yeye hajui. Ila yeye anaamini ni vidonge, na anaamini alifanya vizuri.

Mimi ndiye niliyehukumiwa. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema nimemtukana mjomba hadharani, nimemtia mkono mfukoni kama mwizi wa sokoni, na lazima nilete mbuzi wa kumtuliza. Nilikataa. Nilikataa mara ya pili. Lakini Mama kule kwangu Kasese alikuwa na watu wawili tu wa kuongea nao, mimi na cherehani, na cherehani haikumjibu vibaya kuliko mimi nikiwa na kazi za watu za kumaliza. Aliyehitaji kuongea kila siku alihitaji soko lake. Geneviève alikuwa ameilinda meza ya Mama muda wote, anauza samaki pale na kuwaambia wateja kwamba mwenyewe anarudi. Ila kurudi Bwera ukiwa umegombana na mwenyekiti, na ukoo umekupa mgongo, ni kurudi wapi? Kwa hiyo nilinunua mbuzi. Nilimvuta kwa kamba mpaka uani kwa Mjomba, na kila mtu alinisifu kwamba sasa nimekua.

Mbuzi alichinjwa, akapikwa, tukakaa. Mama aliwekwa kwenye kiti karibu na kaka yake, amefunga kitambaa kizuri kichwani, Geneviève nyuma yake. Mjomba alisimama akahutubia. Alituita wote kwa majina, mmoja mmoja, mpaka watoto. Alisema juu ya msamaha, juu ya damu moja, juu ya vijana wa siku hizi wenye moto. Alisema mpaka mchuzi ukaanza kuganda. Alipokaa, Mzee Tsongo alisema ingefaa na Mama Mbambu naye atoe baraka, kama anaweza, hata kwa ishara.

Mama alifungua mdomo. Kwanza haikutoka sauti. Midomo ilijipanga, ikaharibika, ikajipanga tena, na shingo yake ikakaza. Mjomba alimshika mkono kwa upole, akawageukia watu.

"Anasema asante," alisema. "Anasema amesamehe."

Nilisimama. "Mjomba, muache amalize."

"Immy," Mzee Tsongo alisema, "mugonjwa hapana sumbuliwa."

"Bamuache," Geneviève alisema kutoka nyuma, na hakuinua sauti. "Hakuna mutu anamusumbua. Iko naleta neno yake. Tungoje."

Basi wakangoja, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama na ilionekana wazi kwamba sitakaa. Ukoo mzima, mbele ya nyama, hakuna anayegusa, hakuna anayemsaidia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu augue. Mama aliutoa mkono wake kwenye mkono wa kaka yake. Alimtazama. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, akavuta pumzi, na neno likatoka zima, kwa sauti yake ile ile ya sokoni.

"Rudisha."

Mama akarudia, polepole, kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika. "Rudisha."

Mjomba Yonasani akatazama watu, akatazama dada yake, akatabasamu kidogo. "Nirudishe nini, dada?"

Mama alilitafuta. Nilimwona analitafuta. Macho yalikwenda huku na huku, mkono mzima ulifunguka na kufungika hewani, akaanza, akaacha, akaanza tena. Alijua kabisa ni nini, na sisi wote pale uani tulijua, lakini jina la kitu chenyewe halikuja. Machozi yakaanza kumtoka.

Mjomba alingoja kiasi cha adabu. Kisha akaona yamekwisha, akanyoosha mkono kuchukua nyama. Niliivuta sahani kutoka mbele yake na kuiweka mapajani mwa Mama, nikabaki nimesimama.